Mlinzi wa Victorine

Théogène alionja ugali, akaonja sombe, kisha akajaza tumbaku kwenye kiko chake na kuketi kando ya kitanda. Mkewe Victorine alikuwa na njaa, lakini hakugusa sahani. Sheria ya nyumba ilijulikana: mume anaonja, anavuta kiko kimoja mpaka kiishe, na akiwa bado mzima ndipo mke ale.

Sheria hiyo haikuja bure. Victorine alikuwa anakohoa mwaka wa pili sasa, kifua kikilia, mbavu zikihesabika. Pale kijijini Kingi kila mtu alijua jina la ugonjwa huo: karuho, sumu ya polepole inayotiwa kwenye chakula. Céline, mke wa kwanza, alikufa vivyo hivyo, na Théogène aliapa kaburini kwamba hatazika mwingine.

Jambo moja lilimpa uhakika. Victorine akishinda shambani, alipumua vizuri. Akirudi, hata kabla ya kula kifua kilianza kumbana. Basi mwenye sumu alikuwa nyumbani humo humo.

Nani mwingine kama si Elisabeth, mdogo wake Céline? Alikimbia vita kijijini kwao Mpofi akamkuta dada yake bado hai, akabaki, na sasa ndiye aliyewapikia kwenye jiko la uani. Majirani walinong'ona kwamba anataka kiti cha dada yake. Naye pia alikohoa. Walisema anaonja dawa yake mwenyewe.

Risasi ziliposikika mlimani, Théogène alipigilia madirisha misumari na kuziba nyufa kwa matambara. Watu walidhani anaogopa askari. Yeye aliogopa mkono wa Elisabeth. Akaacha hata shamba, akawa anashinda na kiko chake kando ya kitanda, mlango umefungwa.

Victorine alizidiwa. Siku aliposhindwa kuinuka, Théogène alitupa furushi la Elisabeth nje.

"Papa Théogène, barabara iko na watu ya bunduki," Elisabeth alisema. "Nitapita wapi?"

"Kwenye ulitokea, na karuho yako."

Ilimuuma kusema hivyo. Shemeji huyu alikuwa amemlilia Céline kuliko wote.

Siku ya tisa Elisabeth alirudi, amefuatana na nesi kutoka Sake, Mama Kavuo. Kikohozi cha Elisabeth kilikuwa kimekwisha, na Théogène aliliona hilo upesi sana: sumu yake kaiacha hapa kwangu. Akasimama mlangoni, kiko mdomoni, amzuie shemeji yake. Nesi alimsukuma kando akaingia peke yake.

Ndani, nesi alikohoa, akapangusa macho. Alisikiliza kifua cha Victorine mbele na nyuma, muda mrefu. Kisha akapitisha kidole kwenye chandarua kilichokuwa cheupe zamani, akakitazama kidole.

"Nani njo anachungaka huyu mama?"

"Ni mimi," Théogène alisema, na kwa mara ya kwanza mwaka huo alijisikia fahari. "Sijamuacha hata saa moja."

Mama Kavuo alinyoosha mkono, akamtoa kiko mdomoni na kukikung'uta sakafuni.

"Na Céline," aliuliza taratibu, "yeye pia ulimuchungaka hivi?"