Mashina ya Biringanya

Mbuzi waliingia bustanini alfajiri, na kulipopambazuka biringanya hazikuwa na jani hata moja. Bustani hiyo ndiyo iliyokuwa darasa la Siwema na binti zake wawili, aliowafundisha mwenyewe nyumbani.

Mama mkwe wake alisimama kibarazani akitazama uharibifu. "Basi, mwanangu. Umejitahidi. Sasa wapeleke shule kama wenzao."

Siwema alichukua jembe, akaanza kung'oa mashina ili apande upya siku hiyohiyo. Alipofika tuta la pili, binti yake mkubwa, Raya, alikuja akasimama mbele ya jembe.

"Mama, usiyang'oe."

"Yamekufa, Raya. Nipishe."

"Hujayaangalia. Sisi unatuambia tuangalie kwanza, ndipo tuseme."

Siwema alihisi uso ukipata moto, maana mama mkwe alikuwa anasikia kila neno. Raya hakusogea. Alichuchumaa, akakwangua gome la shina kwa ukucha, na chini yake pakaonekana ubichi wenye majimaji.

Siwema aliinama akatazama kwa muda, kisha akaliweka jembe chini.

"Liko hai," alisema. "Nilikosea. Mwite mdogo wako, tuyakague yote."

Wakapiga magoti watatu, kila mmoja na tuta lake. Hakuna aliyegeuka kutazama kibarazani. Mama mkwe alivua kandambili zake, akashuka kwenye udongo mbichi, akashika shina lililokuwa karibu naye na kuanza kulikwangua taratibu.