Mto Uko Kushoto

"Nani ameshika mbele?" Mwalimu Nzanzu aliuliza kutoka chini ya turubai.

"Yeseri," mtu akajibu.

Tangu asubuhi maumivu ya tumbo yalikuwa yamemsahaulisha Nzanzu kuogopa kitu kingine chochote. Sasa akakumbuka.

Alikuwa amelala chali kwenye machela ya mianzi, amefunikwa gubigubi kwa sababu ya mvua. Utumbo ulikuwa umejisokota. Muuguzi wa pale kijijini Kyondo hakuzunguka maneno: asipopasuliwa leo, kesho msihangaike naye. Maporomoko yalikuwa yamekata barabara, gari halipiti, bodaboda haipiti. Ilibaki njia ya miguu, kuteremka mpaka hospitalini Kisinga. Mkewe, Ronah, alikuwa ametangulia ili awaambie madaktari wajiandae.

Huko milimani kila nyumba hutoa bega. Pembe ya kuita wabebaji ikilia, mwanamume anatoka, kuwe na mvua kuwe na jua, kwa maana machela inataka watu wengi wa kupokezana. Nzanzu, ambaye alifundisha fizikia sekondari kule Bwera na kurudi nyumbani kila Ijumaa, hakuwahi kutoka hata mara moja. Msimu uliopita pembe ililia kwa ajili ya Kabugho, mke wa Yeseri, aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Nzanzu alijibu kupitia dirisha kwamba anasahihisha mitihani. Mabega yakapungua, wabebaji wakachoka, wakapumzika mara nyingi mno. Kabugho akafia njiani.

Watu walipomlalamikia kwenye kikao cha kijiji, mwalimu alileta mzaha. "Kwa mgonjwa aliyelala machelani, nyinyi hamwendi popote," alisema. "Ni mlima ndio unaosogea. Mwendo unategemea nani anatazama."

Hakuna aliyecheka.

"Yeseri," aliita sasa. "Umekuja kunibeba mimi?"

"Pembe imelia, Mwalimu. Mimi pembe ikilia natoka."

"Wewe funga mdomo, chunga tumbo!" Drani alifoka kutoka nyuma. Alikuwa mwanajeshi mstaafu wa Arua aliyeoa pale kijijini. Kikonzo kilimshinda kabisa, ndiyo maana wote walisema Kiswahili akiwepo. "Na iko muzito, huyu! Hiyo fizikia yote umeweka wapi, kwa matako?"

Wabebaji wakaangua kicheko. Nzanzu naye akacheka kidogo, ikamuuma. Watu wanaotania mgonjwa, aliwaza, hawana kinyongo naye.

Walimbeba kama desturi inavyotaka, kichwa upande wa mlimani, miguu upande wa bondeni. Kwenye mteremko miguu ndiyo iliyotangulia. Walipokuta kilima walimgeuza kwanza, kichwa kikatangulia, kisha wakishuka upande wa pili walimgeuza tena. Kila mara alihisi machela ikizungushwa, na kila mara alijua wamefika wapi.

Karibu na nusu ya njia walimtua wapumzike. Alisikia sauti ya Yeseri, ya chini, ikisema kwa Kikonzo maneno machache ambayo mvua iliyameza. Kisha Drani: "Munasema nini?" Mtu akamnong'oneza. Baada ya hapo mvua tu juu ya turubai. Tumbo likambana, dunia ikamtoka.

Akili ilipomrudia, machela ilikuwa ikiyumba tena mabegani.

"Mmenigeuza?" aliuliza.

"Machela hatujageuza, Mwalimu," Yeseri alisema. "Uko vilevile. Miguu yako inaangalia Kisinga."

Hata hivyo alijihakikishia, kwa sababu ndiyo kazi yake. Mtu aliyefungiwa gizani hawezi kujua anakokwenda kwa kuhisi mwendo tu. Hilo alilifundisha kila mwaka. Lazima awe na kitu cha nje. Nzanzu alikuwa navyo viwili. Miguu ilikuwa chini kuliko kichwa. Na mto uliofuata njia ile ulikuwa ukinguruma kushoto kwake. Kila Ijumaa alipopanda kwenda nyumbani, mto ulikuwa kulia. Sasa uko kushoto. Basi wanateremka. Akafumba macho, moyo ukatulia.

"Mbona mnahema hivyo?" aliuliza baadaye. "Mteremko huu umewachosha?"

"Ni wewe," sauti moja ilisema. "Unazidi kuwa mzito."

Drani hakuongeza utani.

Simu ikaita; alikuwa Ronah, kutoka hospitalini. Yeseri akapokea bila kusimama. "Mama Pretty, tuliza roho. Tuko njiani."

"Mwambie tunakaribia," Nzanzu alisema.

"Anasema tunakaribia."

Maumivu yalikuwa yamebadilika. Hayakuchoma tena, yalikuwa yametulia, na baridi ilimpanda kutoka kwenye vidole vya miguu. Nzanzu, ambaye hakuzoea kuomba radhi, aliona afadhali aseme sasa, kabla madaktari hawajamchukua.

"Yeseri. Ile siku ya Kabugho, mitihani ingeweza kungoja. Nikipona, pembe ikilia, nitatoka."

Yeseri hakupunguza mwendo. "Nimesikia, Mwalimu."

Hatimaye njia ikawa tambarare. Miguu ya wabebaji ilikanyaga ardhi iliyofagiliwa. Wakamtua polepole, kwa adabu, kisha nyayo zao zikaondoka moja baada ya nyingine, hakuna aliyeaga. Nzanzu alisikia hatua nyepesi zikimjia mbio. Muuguzi, aliwaza. Akakusanya pumzi ili asalimie vizuri.

Mkono ukafunua turubai. Mbingu nyuma yake ilikuwa imeanza kuwa giza, na uso uliomwinamia ulikuwa wa bintiye mdogo, Pretty, akicheka meno yote nje.

"Bibi!" alipiga kelele. "Bibi, njoo uone! Baba amesharudi nyumbani!"