Mtahini Aliyejificha Kasrini

Korbinian Aschenbrenner alimtambua mtahini kabla hata ya kuwafungulia wageni lango. Watu ishirini na mmoja walikuwa wakipiga picha. Mmoja tu, mwanamume mwembamba mwenye koti la kijivu, alikuwa akiandika.

Ofisi ya kasri ilishamwambia. Jumamosi angeongoza wageni kwa majaribio, na miongoni mwao angekuwamo mtahini asiyejitambulisha. Nafasi ya mwongozaji ilikuwa moja, waombaji wawili. Korbinian aliitaka kwa udi na uvumba. Miaka ishirini na saba alikuwa mwokaji mikate hapa hapa mjini Regensburg, Ujerumani, mpaka unga ukamharibu mapafu, na mtu wa miaka hamsini na mbili haajiriwi kirahisi. Mkewe, Mechthild, alimsikiliza akijifunza kwa majuma sita, kisha akampa shauri moja: tarehe awaachie wenye vitabu, yeye asimulie habari za watu.

Basi akasimulia habari za watu. Kwenye matao ya abasia, nyumba ya kale ya watawa iliyoungana na kasri, akawaonyesha uso wa jiwe wenye shavu lililovimba. Waashi, alisema, walimchonga abate, mkuu wa watawa, siku alipoumwa jino, kwa sababu aliwanyima bia. Wageni wakacheka. Mwenye koti hakucheka.

"Hilo la jino umelitoa wapi, bwana?" aliuliza. "Kwenye kijitabu cha kasri halimo."

"Kwa bibi yangu, Kreszenz. Alifua mashuka ya kasri hili miaka arobaini."

"Kreszenz kwa herufi K?"

"Kwa K."

Yule akaandika. Korbinian akajaa nguvu.

Wakavuka upande wa kasri, walikohamia watawala baada ya watawa kutolewa, wakavaa viatu vya sufi juu ya viatu vyao ili wasikwaruze sakafu. Alikuwa amepanga kubakiza nusu ya hadithi za bibi yake kwa siku nyingine. Sasa akazimwaga zote: binti aliyejificha kwenye kapu la nguo chafu ili asiozwe, mpishi aliyemlisha askofu bata siku ya Ijumaa Kuu, nyama ikiwa mwiko, akimwapia kuwa ni samaki. Kila hadithi aliisimulia akiwa karibu na mwenye koti, polepole, kalamu isije ikaachwa nyuma.

Ngazini, mama mmoja wa kutoka mji wa Passau akamvuta mkono. "Huyo mbona unambembeleza kama baba mkwe?"

Korbinian akatabasamu, akapanda ngazi hadi alipo mwenye koti.

Mwishoni mwenye koti alimpa mkono, akaushika kwa muda. "Nyumba hii unaijua kuliko wenyewe," alisema. "Umenifaa sana."

Korbinian alirudi nyumbani akipiga mluzi njia nzima. Mechthild akafungua chupa ya divai waliyokuwa wameitunza kwa ajili ya harusi ya binti yao, wakainywa mchana kweupe.

Jumatatu, mkuu wa waongozaji, Bibi Dorfner, alimpokea kwa kumwomba radhi. Mtahini aliugua ghafla Jumamosi, hakutoka hata kitandani, na habari zilichelewa kufika. Majaribio yangefanyika upya asubuhi hiyo, yeye mwenyewe akisikiliza.

Hapo mlango ukafunguka, akaingia yule mwenye koti la kijivu, daftari lake mkononi.

"Mwombaji mwenzako, Bwana Hölzl," alisema Bibi Dorfner. "Ameomba aanze yeye."