Bangili za Mtunza Tepu

"Nimeifuta tepu, dada," fundi mgeni alisema, mikono kichwani. "Nimebonyeza kuandika badala ya kusoma."

Kompyuta kubwa ya ofisi iliendelea kuvuma. Diski zilikufa asubuhi, na matokeo ya mtihani ya wanafunzi wote yalikuwa yamebaki kwenye tepu hiyo moja tu. Mkuu wa ofisi akapapasa kiti, akakaa.

Mtunza tepu hakuwa na pupa. Alilichomoa gurudumu la tepu, pana kama sahani, akaligeuza. Mgongoni, kuzunguka tundu la katikati, kulikuwa na kijifereji chembamba. Akapitisha kidole humo taratibu, mzunguko mzima. Kitupu.

Akatabasamu.

"Bila pete mgongoni, tepu husomwa tu, haiandikwi. Mashine imekukatalia, mdogo wangu. Hiyo taa nyekundu ulidhani inakukonyeza?"

"Pete? Iko wapi?"

Mtunza tepu akakunja mkono wa blauzi. Bangili za plastiki zikagongana, zile zile walizomtania nazo miaka yote, eti mama mzima anavaa vitu vya kuchezea. Kila tepu aliyomaliza kuijaza, aliivua pete akaivaa mwenyewe. Jana tu mkuu alikuwa amempa barua ya onyo: mapambo marufuku kazini.

Mkuu akakohoa, akanyoosha mkono.

"Ile barua ya jana, mama. Hebu nirudishie."

Akaitoa kwenye mkoba, akampa kwa mikono miwili.

"Chukua tu, bosi. Nakala ninayo."