Kalamu ya Wino

Mzee Hezron aliandika vyeti vya ubatizo kanisani kwao Mlowo, na mwandiko wake ndio uliomweka pale. Leo alizunguka Tunduma nzima. Kila alipoomba kalamu ya wino ya bei nafuu, walimletea peni.

"Hiyo ni peni!" alifoka. "Nataka ile ya kunyonya wino kwenye kichupa."

Fauzia, mwenye duka la vifaa vya kuandikia, alikuwa nazo tatu, za Kichina, bei chee. Akamchania kipande cha boksi ajaribie.

Mzee aliandika jina lake. Herufi zilitoka zimepinda, zimekatikakatika.

"Mbovu."

Ya pili nayo mbovu. Ya tatu akaisukuma pembeni.

"Hebu, baba." Fauzia aliichukua ileile ya tatu, akaandika chini yake: Hezron. Wino ulitiririka laini, haukukatika hata mara moja.

Mkono wa mzee ulikuwa umeshika kichupa cha wino, na kichupa kilikuwa kikigonga kioo cha meza, ka, ka, ka.

Mzee alikisikia. Akakiacha. Akaweka dole gumba juu ya jina lile aliloandika Fauzia kabla halijakauka, akalisugua mpaka likawa doa.

"Unaona?" alisema. "Hii nayo inavuja."