Majembe Mpakani

Kidole chake kilisimama juu ya kitufe cha kipaza sauti, kikiwa bado na povu, kwani alikuwa ametoka kumwogesha mwanawe.

Kwenye kompyuta, darasa zima la uzamili wa uchambuzi wa ujasusi lilikuwa limekata shauri. Katika zoezi la siku hiyo, ambalo ndilo la kufaulu au kufeli, malori ya jeshi la nchi jirani yalikuwa yamejipanga mpakani. "Ni vita," walisema wanafunzi wenzake wote, na mwalimu akawasikiliza tu.

Alizitazama tena picha za zoezi. Malori yalibeba majembe, mahema na boti za mpira. Silaha hakuna hata moja. Na mto wa pale mpakani ulikuwa umejaa hadi kingoni.

Akabonyeza.

"Samahani, Mwalimu. Mimi naona si vita. Ni mafuriko. Wamekuja kuokoa watu wao."

Mwenzake mmoja akacheka waziwazi. "Jeshi zima, kwa ajili ya maji?"

Kabla hajajibu, mama mkwe wake akachungulia kwenye kamera, mtoto begani. "Nani anamcheka mkwe wangu? Huyu hata nikificha sukari anajua iliko!"

Darasa likaangua kicheko. Akatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini mwalimu naye alikuwa akicheka, huku akifuta miwani.

"Shikamoo, mama," alisema. "Hebu mwombe mkweo arudie polepole, hawa wenzake waandike."