Waya wa Katikati

“Kosa ni langu, mama,” Zubeir alisema, kichwa kikiwa nyuma ya kabati la TV na makalio yakiwatazama waliokaa sebuleni. “Mimi ndiye niliyeifunga hii deki kizembe.”

Mama mkwe wake, Bi Mwamini, alikuwa anatazama TV. Humo mume wake, marehemu Maulidi, alikuwa amesimama kwenye ua wa nyumba hii hii ya Kisarawe, kanzu mpya mwilini, maiki mkononi. Taarabu ilisikika. Vigelegele vilisikika. Hata sahani zilisikika zikigongana. Mdomo wa mzee ulikuwa unacheza, ila sauti yake haitoki.

DVD yenyewe ilikuwa ya harusi ya Zubeir na Raudha, mtoto pekee wa nyumba ile. Mpiga video alitaka sifa, akaitengeneza kama sinema: muziki na kelele za watu kwenye spika za kulia na kushoto, sauti ya mwenye maiki kwenye ya katikati peke yake. Zubeir naye, alipowaletea wakwe deki na amplifaya kutoka Kibaha, alichomeka nyaya mbili tu, nyekundu na nyeupe, akala wali, akaondoka. Waya wa katikati haukuchomekwa kabisa. Spika ya katikati, Bi Mwamini aliitandikia kitambaa, akaweka juu maua ya plastiki.

Miaka ikapita, hakuna aliyelalamika. Mtu akitaka kujua mzee anasema nini, Bi Mwamini anamwambia.

Lakini leo kwenye kochi alikaa Abdulaziz, mdogo wa marehemu, na kilichomleta ni nyumba. Alitaka iuzwe, kila mrithi achukue chake. Bi Mwamini akasema nyumba haimo kwenye urithi. Mume wake alimpa yeye, akiwa hai na akili zake timamu, akatamka mbele za watu siku ya harusi. Na ushahidi upo, si huo hapo kwenye TV?

“Mimi siku hiyo nilikuwa nyuma na masufuria ya pilau, sikusikia kitu,” Abdulaziz alisema. “Raudha, wewe je?”

“Baba mdogo, bibi harusi anasikia nini? Nilikuwa ndani napakwa poda.”

“Haya, bwana harusi?”

“Viatu vilikuwa vinanibana,” Zubeir alijibu kutoka nyuma ya kabati. “Hata jina langu nilikuwa nimelisahau.”

Abdulaziz akacheka. Hakuwa mtu mbaya. “Basi, shemeji, nionyeshe. Nikiona kaka alitamka, mimi nani nibishe? Nitakunywa chai yangu niondoke.”

“Zubeir mwanangu, rudisha nyuma kidogo,” Bi Mwamini alisema.

Picha ikarudi nyuma. Mzee Maulidi akanyoosha kidole kuelekea getini.

“Hapo anasema, kuanzia pale getini,” Bi Mwamini alieleza.

Mzee akapunga mkono, polepole, kuelekea nyuma ya nyumba.

“Mpaka kule nyuma kwenye mikorosho.”

Mzee akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

“Nimempa mke wangu Mwamini, kwa moyo wangu wote.”

Maneno yalikwenda na ule mdomo, bega kwa bega. Raudha akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Abdulaziz aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Getini, kule nyuma, kifuani. Akavua kofia, akaiweka gotini.

“Kaka yangu huyo,” alisema mwishowe. “Akiweka mkono kifuani namna ile, hana utani. Yameisha, shemeji. Nyumba ni yako. Nisamehe kwa kukusumbua.”

“Nimekusamehe, shemeji yangu. Raudha, lete chai.” Bi Mwamini akashusha pumzi, kisha akamgeukia mkwe wake. “Na wewe toka huko kwenye vumbi. Hizo nyaya mbili zinatosha.”

“Hazitoshi, mama.”

“Mbona tumeishi nazo?”

“Mama, nimetoka Picha ya Ndege kule Kibaha na mfuko mzima wa nyaya, nirudi nazo nikasukie mikeka? Tena baba mdogo ameona kwa macho tu. Kesho atakuja mtu amjaze maneno, aanze kusema labda aliona vibaya. Mimi nataka asikie kwa masikio yake, tusirudi tena kwenye kikao hiki.”

“Umesema la maana,” Abdulaziz alisema, akisogea kwenye ukingo wa kochi. “Na sauti ya kaka nimeikumbuka mno.”

“Chai itapoa, Zubeir.”

“Dakika moja tu, mama.”

“Zubeir, baba, mimi sitaki. Mtaniliza.”

“Lia tu, mama. Leo ni kilio cha furaha.”

Akaondoa maua. Akaondoa kitambaa. Akachomeka nyaya, mmoja baada ya mwingine, mpaka zikatimia sita, akaipigapiga spika ya katikati kama anamwamsha mtoto, akarudisha picha nyuma.

Sebule ikajaa sauti ya Maulidi, nzito, ya karibu, kama vile amekaa nao kwenye zulia. Raudha alisimama mlangoni na birika mkononi.

“Jamani, samahani,” marehemu alisema, akinyoosha kidole. “Kuna Noah nyeupe imeziba pale getini.” Akapunga mkono polepole. “Irudi kule nyuma, gari la maji lipite.” Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. “Nawaombeni sana, ndugu zangu. Mwenye Noah yupo?”

Bi Mwamini akanyoosha mkono kuchukua kitambaa cha spika.